Sukari ikikorogwa huenda wapi? Jinsi vitu vinavyoyeyuka majini, na kwa nini kipimo ni muhimu

Ukitia kijiko cha sukari kwenye kikombe cha chai na kukoroga, baada ya muda mfupi huioni tena. Haikuungua wala haikupotea, maana ukionja chai utaikuta. Lakini ukitia mchanga kwenye maji, hata ukikoroga mpaka jua lizame, mchanga utabaki mchanga na mwishowe utatuama chini.

Katika makala haya tunaeleza tofauti hiyo inatoka wapi. Tumeyaandika kwa sababu jambo hili dogo la jikoni ndilo lililo nyuma ya mambo makubwa matatu: maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha, dawa tunazopulizia mashambani, na maji ya kunywa ambayo kwa macho ni safi lakini yamebeba madini. Katika yote matatu, kukosea kipimo kunaweza kuleta madhara.

Maneno matatu ya kushika

Kitu kinachoyeyusha huitwa kiyeyushi. Mara nyingi ni maji. Kitu kinachoyeyushwa, kama chumvi au sukari, huitwa kiyeyushwa. Vikishachanganyika kabisa, kinachopatikana huitwa mmumunyo.

Mmumunyo una alama zake. Hauna chembe unazoweza kuziona, hautuami hata ukiuacha wiki nzima, na ukiuchuja kwa kitambaa hakuna kinachobaki kwenye kitambaa. Pia una ladha moja juu na chini, ikiwa umekorogwa vizuri.

Tahadhari moja ya lugha. Kwa Kiswahili tunasema barafu imeyeyuka na sukari imeyeyuka, lakini ni mambo mawili tofauti. Barafu huyeyuka kwa joto peke yake, ikageuka kutoka kitu kigumu kuwa maji. Sukari ndani ya chai haikugeuka kuwa maji ya sukari kwa joto. Imesambaratishwa na maji. Ndiyo maana huyeyuka hata katika maji baridi ya mtungini, ila huchukua muda zaidi.

Ndani ya glasi kunatokea nini?

Maji yameundwa na chembe ndogo mno ziitwazo molekuli. Kila molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na atomu mbili za haidrojeni, nazo zimekaa kwa kupinda, si kwa mstari ulionyooka. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni una chaji chanya kidogo. Kwa hiyo kila molekuli ya maji ni kama sumaku ndogo yenye ncha mbili.

Chumvi ya mezani nayo imejengwa kwa chembe zenye chaji, ziitwazo ioni: sodiamu yenye chaji chanya na kloridi yenye chaji hasi. Zimepangana kama matofali ya ukuta, moja hivi na moja vile, zikishikana kwa nguvu. Chumvi ikiingia majini, molekuli za maji huizingira. Ncha hasi za maji huvuta sodiamu, ncha chanya huvuta kloridi, na ukuta hubomoka tofali moja baada ya jingine. Kila ioni huishia kuzungukwa na maji pande zote, ikaelea peke yake. Ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona.

Sukari haivunjiki kuwa ioni. Molekuli zake hubaki nzima, lakini nazo zina sehemu zenye chaji kidogo ambazo maji huzishika na kuzitenganisha. Mchanga una viungo vilivyoshikana kwa nguvu kubwa kuliko uwezo wa maji kuvivuta, ndiyo maana haubomoki.

Mafuta ni jambo jingine. Molekuli zake hazina chaji ya kuwavutia maji. Maji hupendelea kushikana yenyewe kwa yenyewe, na mafuta husukumwa pembeni yakaelea juu ya mchuzi. Kanuni ya wanakemia ni kwamba kila kitu huyeyuka katika kitu kinachofanana nacho. Rangi ya mafuta iliyoganda mkononi haitoki kwa maji, bali kwa mafuta. Ukali wa pilipili pia huyeyuka vizuri zaidi katika mafuta, na ndiyo sababu aliyeungua mdomo hupata nafuu kwa maziwa kuliko kwa maji.

Sabuni hufanya kazi ya upatanishi. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia hushika uchafu wa mafuta kwenye sahani, kichwa hushika maji, na vyote huondoka pamoja.

Kasi ni jambo moja, kiasi ni jambo jingine

Ukitaka kitu kiyeyuke haraka una njia tatu: kukikoroga, kukisaga kiwe chembe ndogo, na kupasha maji joto. Sukari guru iliyotiwa nzima kwenye uji huchukua muda mrefu kwa sababu maji huigusa kwa nje tu. Ukiiponda, maji hupata pa kuingilia.

Lakini kukoroga hakuongezi kiasi kinachoweza kuyeyuka. Kila kitu kina kikomo chake. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 za Selisiasi huyeyusha takribani gramu 360 za chumvi. Ukiongeza hapo, chumvi hukaa chini, na hata ukikoroga kutwa haitaondoka. Mmumunyo uliofika hapo husemwa umeshiba. Sukari ina kikomo cha juu zaidi: lita hiyohiyo huweza kubeba takribani kilo 2.

Joto hupandisha kikomo cha vitu vingi vigumu, ila si kwa usawa. Maji yanayochemka hubeba sukari zaidi ya mara mbili ya maji ya kawaida, lakini chumvi huongezeka kidogo tu, hadi karibu gramu 390 kwa lita.

Asali ni mfano mzuri wa kikomo hiki. Ni sukari nyingi mno ndani ya maji kidogo, kupita kiasi ambacho maji hayo yangebeba kwa kawaida. Siku za baridi sukari hiyo huanza kujitenga na asali huganda. Wanunuzi wengi hukimbilia kusema imechakachuliwa. Kuganda peke yake si ushahidi wa hilo. Asali halisi huganda. Weka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, nayo itarudi kuwa laini.

Gesi hufuata kanuni ya kinyume

Gesi nazo huyeyuka majini, lakini zenyewe hupungua maji yakipata joto. Ndiyo maana soda ya moto hufoka inapofunguliwa: gesi ya kaboni dayoksaidi haikai tena.

Kwa wafugaji wa samaki hili ni jambo la kuangalia sana. Maji yenye nyuzi 20 huweza kubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushuka hadi karibu miligramu 7.5. Usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni bali huitumia, kwa hiyo kiwango huwa chini kabisa alfajiri. Ukiona samaki wamepanda juu wakihema kwa midomo asubuhi na mapema, oksijeni imepungua. Ongeza maji mapya, yamwage kwa kuyarusha ili yachukue hewa, na usiwape chakula kwanza.

Shinikizo pia hushikilia gesi. Chini kabisa ya Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, kuna kaboni dayoksaidi na methani nyingi zilizoyeyuka na kubanwa na uzito wa maji yaliyo juu. Upande wa Rwanda methani hiyo huvutwa na kuzalisha umeme. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa kwa ghafla gesi yake ya kaboni dayoksaidi, ikatambaa mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700.

Maji hufuata kilichoyeyuka

Sasa tunafika kwenye kanuni inayobeba uhai. Pakiwa na utando mwembamba unaopitisha maji, huku upande mmoja una mmumunyo mzito na upande mwingine mwepesi, maji huhama kutoka upande mwepesi kwenda upande mzito. Kitendo hiki huitwa osmosisi.

Umekiona mara nyingi. Ukitia chumvi kwenye kachumbari, baada ya muda bakuli hujaa maji. Maji hayo yametoka ndani ya nyanya na vitunguu, yakifuata chumvi iliyo nje. Samaki wa kukaushwa kwa chumvi haozi kwa sababu chumvi huvuta maji kutoka kwake na kutoka kwa vijidudu vyenyewe. Na mahindi yaliyowekewa mbolea nyingi karibu na shina hukauka majani wakati udongo una unyevu, kwa sababu mmumunyo wa mbolea nje ya mizizi umekuwa mzito kuliko maji yaliyo ndani yake. Mmea hufa kiu ukiwa ndani ya maji.

Maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha

Mtoto anayeharisha sana hafi kwa sababu ya uchafu wa choo. Anakufa kwa kupoteza maji na chumvi za mwili. Kumpa maji matupu hakutoshi, kwa kuwa utumbo uliougua hauyashiki vizuri.

Kilichobadilisha hali ni ugunduzi kwamba ukuta wa utumbo una mlango unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja. Chumvi na sukari zikiingia pamoja, maji huzifuata kwa kanuni ile ya osmosisi. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata wakati wa kipindupindu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi waliingia India, na kipindupindu kikazuka. Katika mji wa Bangaon, dripu zilikuwa zikiisha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake walichanganya glukosi, chumvi ya kawaida na bikaboneti ya sodiamu kwenye maji, wakawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo ambavyo vilikuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4.

Pakiti za ORS tunazopata leo zahanati na dukani zimetokana na kazi ya namna hiyo. Pakiti ya lita moja ya fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 ina gramu 20.5 tu: glukosi 13.5, sitreti ya sodiamu 2.9, chumvi 2.6 na kloridi ya potasiamu 1.5.

Jinsi ya kuandaa:

1. Nawa mikono kwa sabuni na safisha chombo.
2. Soma pakiti. Nyingine ni za lita moja, nyingine ni za nusu lita. Chupa mbili za maji za nusu lita ni lita moja.
3. Pima maji safi, yaliyochemshwa yakapoa. Mimina pakiti nzima na koroga mpaka usione chembe.
4. Usiongeze sukari, chumvi, soda wala maziwa. Usichemshe baada ya kuchanganya.
5. Funika. Yakipita saa 24, mwaga na tengeneza mengine.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha. Wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200. Mpe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ulizia pia vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa pamoja na ORS.

Kama pakiti haipo kabisa, pima lita moja ya maji safi, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya usawa, vilivyokatwa juu kwa kisu, si vya mlima. Tumia haya wakati pakiti inatafutwa.

Kwa nini tunasisitiza kipimo? Nusu kijiko cha chumvi ni karibu gramu 3 kwa lita. Maji ya mwili wetu yana uchumvi unaolingana na gramu 9 hivi kwa lita, na bahari ina karibu gramu 35. Ukizidisha chumvi au sukari, mmumunyo ulio tumboni unakuwa mzito kuliko damu. Hapo maji hugeuza njia: hutoka mwilini kuingia utumboni, na kuharisha kunaongezeka. Chumvi ikizidi sana huweza pia kuumiza ubongo wa mtoto. Soda na juisi tamu za dukani zina ubaya huohuo wa sukari nyingi. Ukipunguza chumvi na sukari mno nako, mlango ule wa utumbo haupati cha kupitisha. Mama anayesema "nimezidisha kidogo ili ipone haraka" anafanya kinyume cha anachokusudia.

Mpeleke mtoto kituo cha afya bila kuchelewa akiwa mlegevu au hazinduki vizuri, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au choo kina damu. Njiani endelea kumpa ORS kama anaweza kumeza.

Dawa za shambani: si kila kinachochanganyika kimeyeyuka

Mbolea ya urea huyeyuka vizuri sana, na ukiishika ndani ya maji utahisi ubaridi kwa sababu inapoyeyuka hunyonya joto. Dawa nyingi za wadudu haziko hivyo.

Dawa ya unga wa kuchanganya na maji mara nyingi haiyeyuki. Chembe zake huelea kwa muda kisha hutuama, kama matope. Ukiacha bomba limesimama wakati unapumzika, dawa hukaa chini: mistari ya kwanza utakayopulizia itapata dawa kali, ya mwisho itapata maji. Tikisa bomba kila unapoanza tena.

Dawa ya maji inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa majini nayo haikuyeyuka. Ni matone madogo ya mafuta yaliyobeba dawa, yakishikiliwa na kitu kinachofanya kazi kama sabuni. Weupe huo peke yake hauonyeshi kuwa dawa ni kali au hafifu.

Kwa zote, jaza bomba maji hadi nusu, tia dawa iliyopimwa, tikisa, kisha ongeza maji mpaka alama. Kokotoa kwa uwiano. Kama kibandiko kinasema mililita 40 kwa lita 20, basi kila lita inahitaji mililita 2. Bomba la lita 16 litahitaji mililita 32, na la lita 15 litahitaji 30. Kuzidisha dozi huunguza majani na huacha sumu kwenye mboga. Kupunguza huua wadudu dhaifu na kubakiza wagumu. Vaa glavu, korogea kwa kijiti na kamwe si kwa mkono, na chupa ya dawa isitumike kuwekea maji ya kunywa hata ikioshwa mara kumi.

Maji maangavu si lazima yawe salama

Tope halikuyeyuka, kwa hiyo linaweza kuondolewa kwa kutuamisha, kuchuja, au kutumia shabu inayokusanya chembe na kuzizamisha. Vijidudu huuawa kwa kuchemsha au kwa dawa ya klorini, ambayo hufanya kazi vizuri kwenye maji yaliyokwisha kuondolewa tope. Lakini madini yaliyoyeyuka hayaondoki kwa njia hizo.

Floraidi ndiyo mfano unaotugusa zaidi. Katika maeneo ya Bonde la Ufa, yakiwemo ya kuzunguka Mlima Meru, miamba ya volkano huyeyusha floraidi kwenye maji ya chini ya ardhi. Ikizidi, watoto huota meno yenye madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi mifupa huweza kupinda na kuuma. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni miligramu 30, kama sehemu moja ya 200 ya kijiko cha chai cha chumvi. Hakuna ulimi wala jicho linaloweza kulitambua hilo. Ni kipimo cha maabara tu.

Kuchemsha maji hayo huua vijidudu, lakini floraidi hubaki palepale. Tena maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, ni kupitisha maji kwenye mkaa wa mifupa ulioandaliwa kitaalamu, ambao hunasa floraidi. Maji ya mvua yaliyovunwa kwa bati safi ni chaguo jingine zuri, hasa kwa watoto ambao meno yao bado yanajengeka.

Jambo hilohilo la mvuke kuondoka na madini kubaki ndilo linalotupa chumvi. Pwani, maji ya bahari huachwa kwenye majaruba yakauke kwa jua. Uvinza, mkoani Kigoma, chumvi imepatikana tangu kale kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi. Na ule ukoko mweupe ndani ya birika ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka majini, ikajitenga kwa joto. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu, na huwapa wafuaji shida kwa kuwa sabuni haitoi povu.

Kwa ufupi

Kitu kilichoyeyuka hakijaondoka. Kimegawanyika mpaka kisionekane. Kila kiyeyushi kina kikomo. Joto husaidia vitu vingi vigumu kuyeyuka, lakini hufukuza gesi. Maji huelekea palipo na mmumunyo mzito. Kwa sababu macho hayaoni kilichomo ndani, kinachotulinda ni kipimo: pakiti moja kwa lita yake, dozi ya dawa kwa ujazo wa bomba, na maji ya kisima kupimwa kabla kijiji hakijaanza kuyanywa. Kama kisima chenu hakijawahi kupimwa, waulizeni wataalamu wa maji wa wilaya yenu, nanyi mhifadhi majibu mtakayopewa.